Kazi Aliyoachiwa Mgeni

Vasiti alipofika Suva, mji mkuu wa Fiji, kumsubiri mjukuu, alimkuta binti yake Litia na tumbo lake kubwa, ameganda mbele ya kompyuta. Litia alitunza programu inayofuatilia joto la friji za chanjo katika zahanati za visiwani, pamoja na tovuti ya maelekezo yake. Alitunza peke yake, bila malipo, tangu mwanzilishi alipohamia Auckland. Uchungu ukimshika, hapangekuwa na mtu wa kuiangalia.

Vasiti alikuwa na diploma ya uhasibu na hakupenda kazi iliyolala. Alifungua tovuti ile kwenye simu yake. Kurasa zilikuwa nyepesi, hazina mbwembwe, zikafunguka mara moja. Lakini alipobonyeza palipoandikwa "Kubadilisha betri", hakupata kitu.

"Litia, hapa pamekufa."

"Najua, Mama."

"Unajua, halafu umekaa?"

"Maelezo yenyewe yapo, hata kwenye boksi la kipimajoto yamo. Kiungo tu ndicho kibovu. Nimeandika pale, watu wa kujitolea wanapochagua kazi, kwamba ni ya anayeanza."

"Yaani unaacha masufuria machafu ili mgeni apate cha kuosha."

"Hivyo hivyo. Nikiosha yote mimi, nani atalijua jiko?"

Vasiti akasonya, akaenda kukanda unga wa babakau, maandazi ya kwao. Dakika moja tu ya kazi, mtu anaipigia falsafa.

Mgeni akaja kweli. Aliitwa Prashneel, karani wa zahanati moja huko Labasa. Alituma marekebisho yake, na mashine inayokagua kila badiliko ikayakataa. Kiungo alikuwa amekitengeneza, ila menyu nzima ilikuwa imevurugika.

"Kaharibu zaidi," Vasiti alisema. "Futa, uandike mwenyewe, tule."

Litia hakufuta. Aliandika jibu, taratibu, na Vasiti akalisoma begani kwake. Litia alimshukuru Prashneel kwa kujaribu ukurasa kwenye simu yake kwanza. Akamwonyesha mstari wa kutazama na kwa nini mashine ilikataa. Suluhisho lenyewe hakumpa. Vasiti angekuwa ameshamnyang'anya kijana wa watu sufuria, aoshe mwenyewe. Alisoma mara ya pili, akaenda kufunika chakula kisipoe.

Prashneel akarudi na kazi safi. Akaomba nyingine, akaingia kwenye msimbo wa programu yenyewe, na punde akawa anakagua kazi za wenzake. Litia akampa ruhusa ya kupitisha mabadiliko.

Kisha Litia mwenyewe akatuma badiliko, picha ya friji kwa ukurasa wa mbele. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa.

"Dada Litia, samahani, hii siipitishi bado. Picha ni nzuri ila nzito. Huku kwetu mvua ikinyesha ukurasa haumaliziki kufunguka. Ipunguze, nitaipitisha."

"Huyu anakukatalia wewe?" Vasiti aliuliza. "Si juzi tu alikuwa anavuruga menyu?"

Litia alikuwa anacheka huku ameshika tumbo. "Kanikatalia vizuri, Mama. Na sababu kaiweka."

Akaipunguza picha, akaituma tena. Safari hii Prashneel aliipitisha. Litia akafunga kompyuta, mchana kweupe, jambo ambalo Vasiti hakuwahi kuliona tangu afike.

"Haya, Mama," Litia alisema, akinyoosha mgongo. "Sasa tupange begi la hospitali."