Vidole Vinne vya Mwenzako

Chapuchapu alizipanda ngazi za ukumbi mbilimbili, nusu ya pazia kichwani, moyo ukimdunda hadi masikioni. Ilikuwa saa saba mchana. Saa kumi pazia lilitakiwa kupanda na mchezo wa kwanza wa ukumbi mpya kuanza, na tayari viti vilikuwa vinapangwa. Alikuwa hajawahi kushona kitu kikubwa kama hiki maishani mwake, na furaha ilimjaa tele. Tatizo ni kwamba nusu ya pili ilikuwa kwa wifi yake, na yeye na wifi yake walikuwa hawajasemeshana kwa miezi minane.

Zamani walikuwa chanda na pete. Walishona katika chumba kimoja, mashine zikitazamana. Yeye aliitwa Chapuchapu kwa ile kasi yake, na dada wa mumewe aliitwa Rula kwa sababu alipima kila kitu, hata sukari ya chai. Neno kuunga halikuwakauka midomoni. Unga mkono huu, unga mfuko ule, hiki kitambaa kinaungika au kitatutia aibu? Jioni Rula akiunga mchuzi, aliuliza nani atamuunga mkono kwa kukata vitunguu. Na walikuwa na sheria yao moja tu: anayeshona nusu huacha vidole vinne pembeni, bila kupinda, ili mwenzake apate pa kuungia. Waliviita vidole vinne vya mwenzako.

Kisha siku moja wakagombana, sijui mkasi, sijui dirisha, hata wenyewe hawakumbuki, na Rula akasema: "Wewe katika familia yetu umeungwa tu. Hukuzaliwa." Ulimi hauna mfupa. Chapuchapu alibeba mashine yake siku hiyohiyo akahamia chumba cha mtaa wa pili, na kila alipolikumbuka neno lile lilimchoma upya. Alichokitaka, ambacho hakumwambia hata mumewe, ni kurudi. Lakini mtu anarudi vipi mahali alipobandikwa tu?

Msimamizi wa ukumbi hakuyajua hayo. Alikuwa mtu wa haraka, funguo zikimlia kiunoni, na aliigawa kazi mara mbili ili iishe upesi. Pazia lenyewe lilikuwa la kupandishwa juu kwa kamba, si la kufunguka katikati, kwa hiyo nusu mbili zilipaswa kuwa kitu kimoja. Chapuchapu alimkuta Rula jukwaani, amekwisha kutandika mahameli yake nyekundu, cherehani ya mkono iko kando.

"Wifi," akasema mmoja. "Wifi," akaitikia mwingine. Salamu ikaishia hapo. Msimamizi alipouliza kama wanajuana, Rula alijibu kwamba huyu ni mke wa kaka, wala hakusema "wifi yangu".

Wakatandika nusu zote mbili, kila moja ikianzia kwenye alama ya chaki ya upande wake. Zilitakiwa kukutana katikati. Hazikukutana. Shibiri nzima ya sakafu ilibaki wazi kati yake, na kingo zote mbili zilikuwa zimepindwa vizuri na kupigwa pasi.

Msimamizi aliitazama ile sakafu, akaitazama saa yake. Akawaambia bila kupepesa macho kwamba ikifika saa tisa na nusu pazia halijaungwa, atatundika turubai la zamani, na kila mmoja arudi kwake na kipande chake.

"Vidole vinne viko wapi?" Rula akauliza.

"Vyako viko wapi?"

Chapuchapu alijua vyake vilipo. Vilikuwa chini ya kikapu, ukanda mrefu kama pazia lenyewe, kwa sababu fundi hatupi mahameli hata akiwa na hasira. Alikuwa amevikata vidole vile, na kwa kisirani akaongeza vinne vingine. Angeweza kunyamaza. Turubai lingetundikwa, naye angerudi mtaa wa pili, na mambo yangebaki hivyo mpaka kufa. Hofu ikamshika, si ya pazia. Akaingiza mkono kikapuni.

"Nilivikata makusudi, wifi," akasema. "Nilisema aliyezaliwa ndiye aache."

Rula akautazama ule ukanda. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa ukanda mwingine, rangi ileile, urefu uleule, upana uleule.

"Na mimi nilisema aliyeungwa ndiye aache."

Walitazamana. Chapuchapu ndiye aliyeanza, kicheko kikampasuka puani, na Rula akajishika mbavu mpaka akakaa chini. Msimamizi alidhani wamerukwa na akili.

Basi kazi ikawa kufa na kupona. Kila mmoja alifumua upindo wake, na kila mmoja alikirudisha alichokikata: Rula akizungusha mkono wa cherehani, Chapuchapu akisukuma kitambaa, bila kuambizana ongeza wala punguza, mikono ilikuwa inakumbuka yenyewe. Ukabaki mshono wa katikati, ukanda kwa ukanda. Pazia lilikuwa nene mno sasa, halipiti chini ya sindano ya mashine. Wakapiga magoti, uzi mara mbili, mmoja akianzia juu na mwingine chini, wakashona kwa mkono wakisogeleana. Mlangoni watu walianza kuingia. Chapuchapu alijisikia raha kuwa hai.

Walipobakiza shibiri moja, uzi wa Rula uliisha. Chapuchapu akaendelea na wake. Rula alishika kitambaa kisicheze, na bila kuinua kichwa akasema, "Neno lile, wifi. Nililisema vibaya, na nimelijutia tangu siku ile. Nisamehe."

Chapuchapu alitikisa kichwa kukubali, akapiga fundo, akaukata uzi kwa meno.

Saa kumi kamba ikavutwa. Pazia lilipanda zito, mshono ukakaza, haukuachia hata tundu moja. Watu wakalipigia makofi kabla hawajamwona mchezaji yeyote. Wale wawili walikuwa pembeni, magoti yamejaa vumbi, wameshikana mikono kama watoto. Msimamizi akaja mbio na kalamu, anataka kuwatangaza mafundi. Akamuuliza Rula amtaje vipi huyu mwenzake, mke wa kaka?

"Andika ni ndugu yangu."

"Wa kuungwa," Chapuchapu akachomekea.

"Wa kuungwa," Rula akakubali. "Kwa uzi mara mbili."