Maneno Aliyoandikiwa Baba

Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yake, na jina hilo halikumtoka hata alipofikisha miaka ishirini na sita na kuwa fundi wa miwani. Kutwa alisimama mbele ya mashine ya kusagia lenzi, akikichonga kioo kidogo kidogo mpaka kikae kwenye fremu bila kucheza. Ni kazi inayotaka mkono uliotulia. Lakini Alhamisi ile alivunja lenzi mbili kabla ya adhuhuri, na kila kengele ya mlango wa duka ilipolia, alirefusha shingo.

Alikuwa akimsubiri baba yake.

Baba huyo aliondoka binti yake akiwa na miaka minne. Aliaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, na huko kazini akapata na mke mwingine. Hakusikika tena. Kisha, miezi mitatu kabla ya Alhamisi hiyo, ujumbe ukaingia kwenye simu ya Kitinda: “Mimi ni baba yako. Usiponijibu nitaelewa.” Kitinda alikaa nao siku nne moyoni kama mwiba. Siku ya tano akajibu, na tangu hapo wakawa wanaandikiana. Baba aliandika pole pole, huku akikosea herufi, akaeleza kwamba macho yamemwishia. Kitinda akamwambia, njoo dukani Alhamisi saa nne, nitakupima mwenyewe.

Nyumbani hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Jina la baba halikutajwa mbele ya mama, na mbele ya kaka ndiyo kabisa. Kaka alikuwa na miaka kumi na miwili baba alipoondoka. Aliacha shule akajifunza ufundi wa bomba, na ndiye aliyemlea Kitinda mgongoni.

Kosa la Kitinda lilikuwa moja. Kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka, kuandika maneno mengi kulimchosha, kwa hiyo akayaunganisha mazungumzo yake na kompyuta ya sebuleni. Ilikuwa ya wote. Kaka aliandikia humo makadirio ya kazi zake, wifi alitazama mishono, mama alicheza karata. Kila alipomaliza, Kitinda alilifunga lile dirisha la mazungumzo, akaondoka roho yake nyeupe. Hakujua kwamba kulifunga si kutoka. Mazungumzo yalibaki humo humo, yakimngoja yeyote atakayebofya.

Saa nne ikapita. Saa saba ikapita. Kitinda aliandika: “Baba, umepotea njia?” Ikatokea tiki moja tu, yaani ujumbe haujafika, ikabaki hivyo hadi kufunga duka, na kesho yake, na wiki nzima. Alipopiga, simu haikuita.

Basi amekimbia tena, akajiambia, na akamchukia upya, safari hii chuki ya mtu mzima. Alijichukia na yeye mwenyewe kwa kudanganyika.

Jumamosi ya wiki ya pili, jioni, alikuwa jikoni na wifi yake wakiosha vyombo. Wifi hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake haukuwa na mlango.

“Wifi, umekonda,” alisema. “Achana naye bwana. Aende huko na macho yake.”

Kitinda akaisimamisha sahani mkononi. “Macho ya nani?”

Wifi akageukia bomba, akalifungua kwa nguvu, maji yakamrukia hadi usoni. “Nilikuwa nasema tu.”

Kitinda alijifuta mikono, akaingia chumbani, akafungua simu na kutazama mahali panapoonyesha vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta ya sebuleni ilikuwapo. Ilitumika mara ya mwisho leo, saa tatu asubuhi. Saa tatu asubuhi yeye alikuwa dukani, anasaga lenzi.

Alihisi namba yake imezuiwa, akaenda kuazima simu ya jirani, akapiga namba ya baba. Iliita mara mbili.

“Baba, ni mimi. Mbona hukuja?”

Sauti ya mzee, nzito, ikasema, “Lakini mama, si uliniandikia nisije?”

“Niliandika nini? Nisomee.”

“Mwanangu, yaache.”

“Nisomee, baba.”

Akasoma. Hakusita wala hakukosea neno, na Kitinda akaelewa kwamba mzee yule mwenye macho mabovu hakuwa akisoma. Alikuwa ameyashika kwa moyo. “Sina baba. Nilikuwa nakuchezea tu nione kama una haya. Kufa huko huko na upofu wako, hapa hakuna atakayekuzika.” Akamaliza, akapumua. “Nikaifunga namba yako, nisije nikakusumbua tena.”

Siku ya pili, mchana, wote walipokuwa mezani, Kitinda alisimama nyuma ya kiti chake. Hakukaa.

“Kaka, ulimwandikia baba kwa jina langu?”

Kaka aliendelea kutafuna. “Kompyuta ni ya nyumba. Kilichomo ni cha nyumba.”

“Nakuuliza, uliandika?”

“Niliandika. Na nikafuta, usije ukaniharibia kazi.” Akaweka kijiko chini. “Wewe unamjua? Mimi namjua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsikia mama akilia upande wa pili wa ukuta. Leo macho yamekufa ndiyo anakumbuka ana binti fundi miwani? Nimekukinga, Kitinda. Ungenishukuru.”

“Nikushukuru?” Sauti ilimpanda mpaka watoto wa jirani waliokuwa wakicheza nje wakanyamaza. “Ungemtukana kwa jina lako! Namba ulikuwa nayo, mdomo unao! Ulivaa ngozi yangu ukaenda kumpiga nayo mtu! Miezi mitatu unanisoma kama gazeti, asubuhi unaniuliza nimelalaje!”

“Mimi ni mkubwa wako.”

“Ukubwa wako haufiki kwenye kinywa changu!”

Kaka akainuka, kiti kikaanguka. Ndipo mama akapiga meza kwa kiganja.

“Kaa.” Alimwambia mwanawe wa kiume, si binti. “Aliyeachwa ni nani katika nyumba hii? Ni mimi. Hasira hizo ni zangu, na sikumtuma mtu anichukulie.” Kisha akamgeukia Kitinda, macho yamemwiva. “Na wewe, miezi mitatu unakula na mimi unanificha. Usidhani nimefurahi.”

Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Wifi alianza kulia. Hakuna aliyembembeleza.

Siku hiyo hiyo Kitinda aliitoa kompyuta kwenye mazungumzo yake, akaiwekea simu neno jipya la siri, na kwenye kompyuta akajifungulia sehemu yake peke yake. Kaka alipoona jina la Kitinda limetengwa pale kwenye kioo, alisema, “Sasa tumekuwa wapangaji.” Kitinda hakumjibu salamu kwa siku tisa, na alipomjibu, alijibu salamu tu. Kaka hakuomba radhi.

Baba alikuja dukani mwezi uliofuata. Hakutaka kuja, ilibidi abembelezwe. “Hata kama si wewe,” alisema kwenye simu, “aliyeandika ni mtoto wangu.” Alikuwa mfupi kuliko Kitinda alivyofikiri, shati limepigwa pasi vizuri. Kitinda alimkalisha mbele ya ubao wa herufi, akamvisha fremu ya majaribio, akambadilishia lenzi moja baada ya nyingine, akaandika vipimo. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, la kupelekwa hospitali. Alimweleza hilo kwa upole, kama anavyomweleza mteja yeyote.

Kisha akafunga mlango wa chumba cha vipimo, akavuta kiti, akaketi mbele yake.

“Yale uliyoandikiwa hayakuwa yangu,” alisema. “Lakini na mimi ninayo yangu, baba. Na nitakuambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, na utakaa hapo mpaka nimalize.”

Mzee alivua fremu ya majaribio, akaishika magotini kwa mikono miwili. “Sema, mama.”

Kitinda akaanza tangu alipokuwa na miaka minne.