Mafungu Arobaini ya Uzi Usioshika Moto

Kwaruu. Kisha kimya. Kwaruu tena.

Nanyama, mtoto wa miaka minne, aliisikia njiti ya kiberiti ikikwaruza gizani, akangoja mwanga. Haukuja. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, Jumatatu, Gatwekera, mtaa wa vibanda kando ya reli, mwaka wa sabini na nane, na mama yake Musimbi alikuwa amemaliza njiti saba akijaribu kuwasha koroboi.

"Kiberiti kimeingia maji," Musimbi alisema. "Lala, mama."

Lakini kiberiti kilikuwa kikavu. Alipotoka nacho nje akapita nyumba ya mwisho ya laini yao ya vibanda, njiti ya nane iliwaka mara moja. Alirudi akiikinga kwa kiganja. Ikazimika mlangoni kwa Phanuel, fundi wa viatu, ambaye alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko lililokataa kuwaka.

"Shemeji," Phanuel alisema, "jana ulileta nini kwako?"

"Uzi."

Ulikuwa mafungu arobaini, meupe kama maziwa ya unga. Ulitoka kwa Njambi, mwenye karakana ya kufuma kule Kawangware, karibu na kituo cha matatu cha 46. Njambi alikuwa amepata kazi ya mapazia ya hoteli mpya mjini, na hoteli ilitaka mapazia ya uzi usioshika moto, rangi ya damu ya mzee. Musimbi alipewa kuutia rangi kwa sababu, kati ya wanawake wote waliomfanyia Njambi kazi, ni yeye tu aliyeweza kusoma karatasi ya kiwandani. Alikuwa mwaka wa pili wa masomo ya jioni, katika ukumbi wa kanisa huko Kianda. Akiifanya kazi hii vizuri, Njambi alisema, atakuwa msimamizi wa rangi palepale karakanani.

Karatasi ilisema: loanisha uzi kwanza. Yeyusha rangi pembeni. Tia siki kwenye maji. Zamisha uzi, pandisha moto polepole kwa saa nzima, maji yasichemke, kisha yaache yapoe yenyewe. Suuza kwa maji matupu. Usitumie sabuni ya kipande, maana sabuni hubaki kwenye uzi, na sabuni hushika moto.

Shida ilikuwa hapo kwenye moto. Jumapili, majirani walipokuja kuutazama uzi, Musimbi alikuwa amewaambia kwa fahari, "Huu haushiki moto." Alisema mara nne, na uzi ukiwa palepale kitandani, unasikia. Sasa moto ni wa jiko, lakini maji ya kuoga nayo ni moto, chai ni moto, na mtoto akiugua malaria mwili wake ni moto. Uzi haukubagua. Kutoka choo cha juu hadi mtaro wa chini, nyumba ishirini na mbili, hakuna kitu kilichoshika moto wa aina yoyote. Mtoto mdogo wa Mutheu, jirani wa upande wa pili, aliyekuwa na homa tangu Ijumaa, aliamka amepoa, akaomba uji. Mutheu alimpa uji wa jana.

Watu hawakushangaa. Walitaka kujua watapikaje.

Jioni Musimbi alimweleza mwalimu wake, Dalmas. Mwalimu alifuta ubao kwanza, ndipo akajibu.

"Hiyo ni shida ya msamiati. Wewe umeutajia moto. Utajie joto."

Kesho yake Musimbi aliteleka sufuria kubwa juu ya mafiga yasiyo na kuni. Alitia maji, siki na rangi, akazamisha mafungu ya kwanza, akayainamia jinsi alivyokuwa akimwinamia Nanyama akiwa mchanga.

"Ni joto tu," aliuambia uzi. "Joto kidogo. Kama la mgongoni kwa mama."

Maji yakaanza kutoa mvuke. Aliyakoroga kwa mwiko mrefu saa nzima, akiwaonya wapita njia wasilitaje lile neno lingine. Mama mmoja wa mboga alichungulia akasema, "Woi, hayo maji ni moto!" Sufuria ikapoa palepale. Musimbi akaanza upya.

Majirani nao wakajifunza. Ugali wa joto uliiva kwa saa nne, ukatoka laini kama wa mgonjwa, ukaliwa. Kufikia Alhamisi mchana mafungu thelathini na nane yalikuwa yameanikwa juu ya kamba, mekundu ya kuiva, na hakuna hata moja lililotoka na madoa. Musimbi alisimama chini yake akitabasamu peke yake.

Saa tisa alikuja Urbanus.

Wote walimjua. Mwenye ploti alitaka kujenga vyumba vya mawe, na alikuwa ametoa notisi mara mbili, kwa mdomo. Laini iliyokuwa ng'ambo ya mtaro ilipewa notisi kama hiyo mwezi wa nne, kisha mwenye ploti akamtuma Urbanus na debe lake la mafuta ya taa, ikateketea. Mzee mmoja alikuwa amelala ndani. Kwenye ripoti polisi waliandika chanzo ni jiko.

Urbanus aliwasalimia watu, akawauliza hali za watoto, akamwaga mafuta ya taa kwenye ukuta wa Phanuel, akakwaruza njiti. Akakwaruza kiberiti kizima.

"Hii nyumba imefanya nini?" aliuliza.

"Ni uzi wa Mama Nanyama," Mutheu alisema. "Haushiki moto."

"Alaa." Aliketi juu ya debe. "Ni wake mwenyewe?"

"Ni wa hoteli," Musimbi alisema.

"Unachukuliwa lini?"

"Kesho asubuhi."

"Basi nitakuja kesho saa kumi jioni." Alisimama, akajipangusa mikono. "Nisipate mtu ndani, tafadhali. Ile ya mwezi wa nne nililaumiwa sana."

Alipokwenda, Phanuel alisema, "Bahati yetu hajui kusema joto."

"Atajulia wapi?" Mutheu alisema. "Huyo hajasoma masomo ya jioni."

Walicheka. Kisha Phanuel akamgeukia Musimbi. "Shemeji, kaa na huo uzi. Hata wiki mbili, tupate pa kwenda."

Musimbi alimbeba Nanyama mgongoni, akaenda Kawangware kwa miguu. Njambi alikuwa mezani na makasi.

"Mama, naomba uzi ukae kwangu wiki mbili."

"Umeharibika?"

"Hapana, umeshika rangi vizuri. Ni vile tu, ukiwa kwetu hatuchomwi."

Njambi aliweka makasi chini. Alikuwa mtu mwema, na alimpa Nanyama ndizi kabla ya kujibu.

"Musimbi wangu, hoteli inafunguliwa mwisho wa mwezi. Wageni wao wanaogopa moto."

"Hata sisi tunaogopa, mama."

"Najua. Lakini nyinyi hamkuagiza."

"Fungu moja tu."

"Pazia litapungua." Njambi alimshika mkono, akautazama, mwekundu hadi kwenye kiwiko. "Hii mikono ni ya kazi. Jumatatu uje mapema, usimamizi ni wako."

Musimbi alishukuru, kwa sababu kazi ilikuwa nzuri. Njiani alilia, kwa sababu hiyo hiyo.

Ijumaa saa tatu asubuhi Kitheka, mchukuzi wa Njambi, alifika na mkokoteni. Musimbi alimsaidia kufunga mzigo, na kabla ya kukaza kamba aliuinamia uzi mara ya mwisho, akauambia tena polepole, "Haushiki moto," huenda ukakumbuka ukiwa mbali. Mkokoteni ukapanda kuelekea Kianda. Nyuma yake majiko yaliwaka yenyewe, moja baada ya jingine, yale yaliyopangiwa makaa tangu Jumatatu. Koroboi ya Musimbi ikawaka mezani mchana mchana. Mutheu aligusa paji la mwanawe, akaanza kutafuta kitambaa cha kulowesha.

Watu walitoa vitu vyao nje. Kufikia saa tisa vitanda vilikuwa vimepangwa kando ya reli jinsi vilivyokuwa vimepangwa ndani, kila mtu mbele ya jirani yake. Phanuel alibeba mlango wake. Musimbi alitoa godoro, sufuria na madaftari, akafagia nyumba.

Saa kumi Urbanus alikuja, na kiberiti kipya. Alianzia juu, akibisha kila nyumba kwa adabu.

"Kuna mtu ndani?"

"Hakuna," watu walijibu kutoka kwenye reli.

Alifika kwa Musimbi, akabisha, akasikiliza, akageuka. "Na hapa? Kuna mtu ndani?"

"Hakuna mtu," Musimbi alisema.

Nanyama alitoa kidole mdomoni.

"Nyumba yetu iko ndani," alisema.