Kijiko cha Margareta

Fridolin hakuiba mota ya mashine ya kukoboa mpunga. Hilo alilijua yeye, Mungu, na aliyeiba. Lakini mchana ule mota ilipong'olewa pale Mlabani, mlinzi alikuwa yeye, na alipoulizwa alikuwa wapi alijibu kwamba alisinzia. Lilikuwa jibu la kijinga, ila lilikuwa limemsitiri miaka ishirini.

Afande Sylvanus, mpelelezi aliyependa mambo mapya kuliko kutembea juani kutafuta mashahidi, alisikia kwamba watafiti wameleta Ifakara mashine ya kupima ubongo. Mwaka huo wa tisini na sita nani hakusikia? Akampakia Fridolin kwenye baiskeli, na Dativa, binti wa mzee huyo, akafuata kwa miguu na kikapu chake, mpaka kwa Edna, fundi wa mashine hiyo.

Edna alieleza kwa adabu kwamba inapima umeme wa ubongo, si uongo. Afande akasema ubongo wa mwongo lazima utikisike. Edna akakubali, nadhani ili amkomeshe. Basi Fridolin akapakwa dawa nzito kama uji kichwani, akabandikwa nyaya, na kalamu za mashine zikaanza kuchora mistari kwenye karatasi. Alipokana kwamba ameiba, mara zikaruka.

"Umeona?" Afande akasema. "Anadanganya."

Edna aliitazama ile mistari. Aliinama, akamwuliza Fridolin kwa sauti ya chini kama huwa anaanguka.

Mzee wa watu alielewa kwamba amegundulika. Siri ya mtungi muulize kata, na kata yake ilikuwa marehemu mkewe, Margareta. Jumapili washenga wa Evod wangekuja kumposa Dativa, na nani angeoa kwenye nyumba yenye kifafa, ugonjwa ambao watu waliogopa hata povu lake? Jela ina mwisho. Neno lile lingewafuata mpaka wajukuu.

"Andika nimeiba," akamwambia Afande.

Afande akafungua mlango kwa furaha, akamtangazia Dativa kwamba baba yake amekiri.

Dativa hakulia. Aliingia, akamwamkia Edna, akapekua kikapu na kutoa kijiko kilichoviringishwa kitambaa, mpini wake umejaa alama za meno. Akakiweka juu ya ile karatasi.

"Ni cha baba, cha kung'ata akianguka," akasema. "Mama aliniachia, akaniambia nisitoke bila hicho. Siku ile nilimkuta nyuma ya magunia ya pumba, ameanguka, na mota imeshaondoka. Nikamfuta povu. Nikaenda zangu kabla hajazinduka, asijue kwamba najua."

Afande akavua kofia, akakaa. Fridolin alikuwa analia na nyaya zake kichwani, bila kuona aibu.

"Na Jumapili, mwanangu?"

"Waje, baba. Nitawaambia mwenyewe, halafu tutaona atakayebaki kunywa chai."