Kibubu Kisichofunguka

Binti yangu ana miaka saba na nyumbani tunamwita Bosi. Kibubu chake cha kwanza, cha udongo, alikivunja akanunua barafu. Cha pili akakichokonoa kwa kisu. Barafu tena. Nikasema basi, sasa atafundishwa kuweka akiba na mimi, fundi wa kuchomelea vyuma.

Nilichukua kipande cha bomba nene, nikakiziba huku na huku kwa bati la geti, nikaacha tundu la kupitishia pesa. Bawaba sikuweka. Kufuli sikuweka.

"Baba, siku ya kufungua je?"

"Hiyo niachie mimi. Humu pesa haziibiwi."

Mtoto alikomaa kweli. Chenji za dukani, noti za mjomba wake, zote zikaingia kwenye chuma. Alikuwa anaitaka baiskeli nyekundu iliyokwishatumika. Jirani yetu, fundi baiskeli, alikubali kumwekea mpaka Jumamosi jioni. Baada ya hapo angeiuza kwa mwingine.

Jumamosi mchana nikabeba kibubu hadi karakana, Bosi na mama yake nyuma yangu. Nikavaa miwani, nikawasha grainda ya kukatia vyuma. Cheche zikaruka, nikajiona dume.

"Baba Bosi, kuna kitu kinaungua," mke wangu akasema.

"Rangi hiyo."

"Rangi gani inatoa moshi kwenye tundu la pesa?"

Nikazima mashine, nikamimina ndoo nzima ya maji kwenye tundu. Nilipomaliza kukata, sarafu zilitoka nzima, nyeusi tii. Noti zilikuwa uji wa masizi.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. Bosi hakucheka wala hakulia.

"Baba, ulisema humu haziibiwi."

"Hazikuibiwa."

"Nani amezichoma?"

Nikamtazama mama yake aniokoe.

"Mjibu mwanao," akasema.

"Ni mimi."

"Basi lipa."

Nikajaribu ujanja. "Si zilikuwa noti mbili tatu tu?"

Akazitaja moja moja, na nani alimpa. Mama yake akawa anaitikia kwa kichwa kama hakimu. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa nyuma, nikatoa pesa yangu yote ya bia, na ya sigara nayo ikaenda humo humo. Kabla giza halijaingia, Bosi alikuwa anazunguka uani na baiskeli, anawakanyaga kuku.

Jumatatu akaja nayo karakana.

"Nataka kibubu kingine. Kiwe na bawaba na kufuli. Ufunguo nakaa nao mimi."

"Kazi hiyo ina bei, Bosi."

"Punguza. Uliniharibia mali."

Nikapunguza mpaka nikafanya bure. Nilipokuwa napiga rangi, nikamuuliza kwa sauti ya chini, vijana wangu wa kazi wasisikie, kama naweza kutia na zangu kidogo humo.

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Nitafikiria," akasema.