Kengele ya Dirishani

Uvumi ulimganda yule mama kama kupe: eti binti yake wa darasa la pili, mwenye usonji, hufungiwa stoo ya mafagio kila anapopiga mayowe. Siku moja alikwenda shuleni mwenyewe, akaketi dawati la nyuma darasani.

Saa nne kengele ililia, kipande cha chuma kilichoning'inia pale pale dirishani. Mtoto akaziba masikio, akapiga mayowe, akamng'ata jirani yake. Mwalimu akachukua ufunguo wa stoo.

"Uweke chini huo, mwalimu."

"Mama, huyu ana kichwa kigumu."

"Kigumu ni hicho chuma chenu. Kihamisheni kwanza, ndipo mseme mwanangu mkorofi."

"Kwani wewe umesoma mpaka wapi, utufundishe kazi?"

"La saba. Lakini huyu nimemsoma miaka minane."

Akampa pole aliyeng'atwa, akatoka, akakitungua chuma, akarudi nacho kwapani. Mtoto alikuwa ametulia. Mama akashika chaki, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa:

Msimfungie.
Msimshike ghafla kwa nyuma.
Msimfokee akiwa ameziba masikio.
Msigonge chuma karibu naye.
Msiniambie nimpeleke kwingine.