Springla ya Kumi na Nane

Faustino alikuwa bingwa wa kupuliza salfa Mpapura nzima, na ubingwa huo nusura uue miche ya mkewe.

Kila msimu watu walimfuata nyumbani aje na mashine yake mgongoni, aipulizie mikorosho yao hadi kileleni. Salfa ilipanda juu, na kichwa chake kikapanda nayo. Kwa hiyo Marlene alipotaka kuvuta maji kwenye kitalu chake, mumewe hakuona cha kumuuliza mtu. Alisimika tanki juu ya kichanja, akatandaza mistari mitatu ya bomba la nusu inchi, kila mstari springla sita, akafungua maji. Springla za mbele zilitema kidogo. Za nyuma zilidondosha.

"Tundu ni dogo," alitangaza. "Hata kwenye mashine, mti ukiwa mrefu unafungua mdomo wote."

Akang'oa spoki ya baiskeli, akaichomeka kwenye moto uliokuwa ukichemsha chai ya Marlene, akatoboa upya springla zote kumi na nane.

Siku tatu baadaye viriba vya mbele, ile mifuko ya plastiki ya miche, vilikuwa vikielea kwenye matope, na vya nyuma vimekauka, majani yameanza kulegea. Marlene alitamani kulia. Ilikuwa miche elfu mbili ya mikorosho, na aliibebesha vikonyo vya mikorosho bora mwenyewe, mmoja mmoja, kwa kisu na utepe wa nailoni, mpaka vidole vikaota sugu. Jumamosi kikundi cha wakulima wa Nanyamba kingekuja kuikagua. Wakiipenda wataichukua yote. Wasipoipenda, mwaka wake mzima umekwenda na maji, na maji yenyewe hayaendi.

Na mume je? Aliona aibu? Wapi. Alikwenda kijiweni kuapa kwamba siku ya wageni ataoga chini ya springla ya kumi na nane, ile ya mwisho kabisa, mbele ya watu. Kisha akaondoka kwenda Nanyamba kuwachukua wageni hao, kwa kuwa sifa nazo zinahitaji kusafirishwa.

Alhamisi hiyo Marlene alishuka Mtwara mjini, kwenye duka la vifaa vya maji la mzee Feroz. Aliyekaa dukani alikuwa binti yake, Samreen, ambaye hakuuzii bomba bila kukuhoji kama karani wa sensa.

"Tanki lipo juu kiasi gani, mama?"

"Mita tatu."

"Maji yanatoka kiasi gani kwa dakika?"

"Yanatoka tu."

Samreen alimtazama kwa huruma. Akamfungia springla mpya kumi na nane na koki tatu, moja kwa kila mstari, akamwambia akifika akinge ndoo ya lita ishirini pale bomba kubwa la kutoka kwenye tanki linapoishia, atazame saa ya simu, kisha ampigie.

Ijumaa asubuhi Marlene alikinga. Ndoo ilijaa kwa sekunde mia moja. Akapiga simu.

"Hizo ni lita kumi na mbili kwa dakika," alisema Samreen. "Springla moja inataka lita mbili ndiyo irushe maji. Zitashiba ngapi?"

"Sita."

"Na wewe umefungua ngapi?"

"Kumi na nane."

"Basi umealika watu kumi na nane kwenye sahani ya watu sita. Mwagilia mstari mmoja, funga, halafu unaofuata."

"Mume wangu anasema tukipanua tundu presha itaongezeka. Ndivyo mashine yake inavyofanya."

"Mashine yake ina injini, mama. Tanki lako halina injini. Lina kimo chake tu."

Marlene alifunga koki na springla mpya kwa mikono yake, akamwagilia mstari mmoja mmoja, na kufikia jioni majani ya nyuma yalikuwa yameanza kuinuka. Hasira ndiyo ilibaki palepale.

Jumamosi Faustino alifika na wageni kumi, wakiongozwa na mwenyekiti wao, mama Rebeka. Marlene alimvuta mumewe pembeni.

"Baba Helder, mstari mmoja mmoja. Nimepima."

"Mama Helder, koki ni za kufunga maji. Sisi leo tunayafungua."

Akazifungua zote tatu. Akavua shati, akabaki na kaptula, akajimwagia kopo moja la maji na kujipaka sabuni ya kufulia kuanzia utosini mpaka vifundoni. Kisha, mweupe kama unga wa muhogo, akaenda kusimama chini ya springla ya kumi na nane na kunyoosha mikono.

Lilidondoka tone moja. Springla ikatulia kama inayofikiri. Likadondoka la pili.

Wageni walitazama chini. Povu likaanza kumwingia machoni. Marlene aliona aibu na akaona raha, na tusidanganyane, raha ilizidi. Alikwenda taratibu kwenye koki.

"Baba Helder, lita kumi na mbili gawanya kwa mbili."

"Mama Helder, macho yangu."

"Gawanya."

"Sita."

"Na umefungua ngapi?"

Alijipangusa macho kwa mikono yenye sabuni. "Kumi na nane."

Marlene akafunga koki mbili. Mstari wa tatu ukakohoa, ukatema hewa, kisha maji yakainuka na kuzunguka juu ya miche, na juu ya Faustino.

Mama Rebeka aliinama, akafinya majani ya viriba vya mbele, akaenda kufinya ya nyuma. Akarudi akipangusa mikono kwenye kanga.

"Tunaichukua yote," alisema. "Ila na sisi tunataka maji kama haya. Fundi ni nani hapa?"

Marlene alijua jibu la mumewe, kwa maana alikuwa amelisikia miaka kumi na miwili. Faustino alifuta povu kwenye jicho moja, akamtafuta mkewe kwa jicho hilo, akamnyooshea kidole.

"Huyo," alisema. "Mimi naoga tu."